Mbunge akihama chama, kiti hubaki na nani?

Katika mabaraza tunayofanya na wananchi, swali hili halikosi: "Tulimchagua kwa chama hiki, sasa yuko kule. Mbona bado ana kiti?"

Kifungu cha 103 cha Katiba ya Kenya kinasema mbunge au seneta aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hupoteza kiti akijiuzulu chamani, au akihesabiwa kuwa amejiuzulu. Mgombea huru aliyeshinda naye hukipoteza akijiunga na chama. Wawakilishi wa wadi wanabanwa vivyo hivyo na Kifungu cha 194. Gavana hamo. Kifungu cha 182, kinachoeleza jinsi kiti chake kinavyobaki wazi, hakigusi kuhama chama hata kidogo.

Sharti hili lilizaliwa vibaya. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaiacha KANU, chama tawala, na kuongoza KPU, chama kipya cha upinzani, na wabunge kadhaa wakamfuata. Mwezi uo huo Bunge likabadilisha Katiba: anayehama arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ilipata viti 9 kati ya 29. Kwangu mimi kanuni yenyewe ni ya haki, maana kura ilipigiwa mtu pamoja na chama chake. Kilichoitia doa ni kwamba ilitungwa kuwanasa watu waliokwisha kujulikana kwa majina.

Siku hizi wahamaji hawaandiki barua ya kujiuzulu. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, sehemu ya 14A, inawatambua hata hivyo: anayeunda chama kingine, kujiunga nacho au kukipigia debe huhesabiwa amejiuzulu, isipokuwa anapoupigia debe muungano ambao chama chake kimo. Tatizo ni kwamba hatua huanzishwa na chama. Lazima kimsikilize mhusika kwanza, ndipo kimwarifu Msajili wa Vyama. Mhusika naye anaweza kwenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, kisha mahakamani, na miezi ikapita. Chama kikinyamaza, mpiga kura hana pa kushika.

Kwa hiyo, kama wewe ni mwanachama, kiandikie chama chako malalamiko, ukiambatisha tarehe na maneno aliyoyatamka hadharani. Spika huiarifu IEBC, yaani tume ya uchaguzi, kwamba kiti kiko wazi, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90 tangu kiti kilipobaki wazi, ila hakuna uchaguzi mdogo miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu.