Msimfungie Ndani: Maswali na Majibu Kuhusu Kupona Uraibu

Uraibu ni nini hasa?

Ni maradhi yanayompata mtu ambaye ubongo wake umezoea kilevi kiasi cha kushindwa kufanya kazi sawasawa unapokikosa, na ambaye huendelea kukitumia ijapokuwa anaona wazi kinavyomharibia afya, kazi na nyumba. Mara nyingi hujulikana kwa kuhitaji kiasi kinachozidi kuongezeka na kwa kuugua kila anapokikosa.

Ndugu yetu anakunywa pombe kali kila siku. Tukimfungia chumbani kwa wiki moja, si ataacha?

Hapana. Nalijibu swali hili mara kwa mara, na mara nyingi wanaoniuliza wamekwisha kumfungia. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujiongezea kasi ili kupambana na utulivu huo. Pombe ikikatwa ghafla, ile kasi hubaki bila breki. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi hupotea. Kifafa kinaweza kumwangusha ndani ya siku mbili za kwanza, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huanza kuweweseka: mgonjwa hajui alipo, joto la mwili na presha hupanda, na anaokota juu ya shuka wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona. Asipotibiwa anaweza kufa, na hufa huku watu wa nyumbani wakiamini kwamba anaigiza ili afunguliwe mlango.

Mbona siku ya kwanza alikuwa mtulivu kabisa?

Utulivu wa siku ya kwanza hauthibitishi chochote, kwa sababu hatari kubwa huja baadaye. Waliotulia hivyo ndio ninaowapokea hospitalini siku ya tatu, ulimi umeng'atwa, vifundo vya mikono vina alama za kamba, na mama mzazi ananieleza kwamba jana alikuwa anaendelea vizuri. Kwa hiyo nasema tena: anayekunywa sana kila siku hafungiwi ndani ili aache.

Basi tumwache aendelee kunywa?

Sikusema hivyo. Mleteni hospitali kwanza, ndipo aache. Hupewa dawa za kutuliza ubongo, kama diazepam, ambazo kipimo chake hupunguzwa hatua kwa hatua kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa nayo na ambayo huulinda ubongo usipate madhara ya kudumu. Msizinunue dawa hizo na kumpa wenyewe, kwani zikichanganywa na pombe zinaweza kumzimisha pumzi.

Kwa anayetumia heroini, kufungiwa kunasaidia?

Hapana, na hapa hatari huja mlango ukishafunguliwa. Arosto ya heroini, yaani kuugua kwa kuikosa, humtesa mtu kwa maumivu ya mwili, kutapika na kuharisha, lakini kwa kawaida yenyewe haiui, isipokuwa maji yamemwishia mwilini. Baada ya wiki chache bila heroini mwili husahau mazoea yake, kisha mtu anatoka, anakutana na wenzake na kutumia kipimo kilekile cha zamani. Pumzi husimama. Ndiyo sababu tunatumia dawa za methadoni au buprenofini, ambazo huondoa arosto na kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Wanaodai kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi huwafanya wagonjwa waache dawa mapema na kurudia heroini, nasi huitwa wakati midomo imekwisha kuwa ya bluu. Mkimkuta amelala hivyo, akikoroma kwa shida na haamki, mlazeni ubavu na mtafute msaada wa haraka. Msimmiminie maziwa wala maji mdomoni.

Ameshatulia, yuko nyumbani. Hamu ikimrudia afanyeje?

Ajue kwanza kwamba hamu hupanda kama wimbi na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa asipoilisha. Nusu saa hiyo inahitaji mpango uliokwisha kuandaliwa: mtu mmoja wa kumpigia simu, mahali pa kutembea kwa miguu, au kazi ya mikono. Wengine hunufaika kwa kuvuta pumzi puani wakihesabu hadi 4 na kuitoa taratibu wakihesabu hadi 6. Ajikague pia kama ana njaa, hasira, upweke au uchovu, maana mara nyingi kinachodaiwa mwilini ni chakula au usingizi. Afute namba ya muuzaji, abadili njia ya kurudi nyumbani, na siku ya mshahara asitembee peke yake. Kujiambia "nitajikaza" bila kubadili lolote kati ya hayo ni mpango ambao nimeuona ukivunjika kabla ya jioni.

Akirudia?

Wengi hurudia, kama mgonjwa wa presha ambaye shinikizo lake hupanda tena. Arudi kliniki siku hiyohiyo, bila mahubiri wala matusi, kwa sababu anayeona haya hujificha, na anayejificha hutumia akiwa peke yake pasipo wa kumwokoa.

Tumemfungia tangu jana asubuhi, na sasa anatetemeka. Tufanye nini?

Fungueni mlango sasa hivi na mje naye, hata kama ni usiku. Akianguka kifafa njiani, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Wala msione haya kutueleza kwamba mlimfungia; nitakachowauliza kwanza ni saa ngapi alikunywa mara ya mwisho.