Kuunganisha Imani na Somo Darasani: Ufafanuzi kwa Walimu na Wazazi wa Shule za Kikristo

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika kwa awamu Januari 2024, ofisi yetu ya elimu hapa Dodoma imekuwa ikipokea maswali mengi kutoka shule za Kikristo kuhusu mahali pa imani katika somo. Walimu wanauliza kama ni lazima aya ya Biblia iandikwe katika kila andalio la somo, na wazazi wanalalamika, wengine kwamba maombi yamepungua, wengine kwamba yamezidi na yanakula muda wa vipindi. Tunaamini wote wanauliza kwa nia njema, na makala haya yanawajibu kwa pamoja.

Aya haihitajiki kichwani mwa andalio. Tumelisema hili katika semina zaidi ya moja, na bado tunaletewa maandalio yenye aya juu ya kila ukurasa, na chini yake somo lile lile ambalo lingefundishwa popote pale. Januari moja nilikaa nyuma ya darasa la sayansi ambako mwalimu aliandika aya ubaoni, akaisomesha kwa sauti mara mbili, akaifuta kwa kiganja, kisha akaanza kunukuisha maelezo ya uotaji wa mbegu. Hapakuwa na mbegu hata moja mezani, ingawa nje ya dirisha mashamba ya uwele yalikuwa yanachipua. Mwalimu yule ni mcha Mungu na ana bidii, lakini watoto wale hawakupewa chochote cha kukistaajabia, na mtu hawezi kumsifu Muumba kwa kazi ambayo hajawahi kuitazama kwa makini.

Linganisheni na kipindi cha hisabati cha Darasa la Sita nilichokishuhudia wilayani Kongwa, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Mwalimu aliingia na gunia tupu, debe na kipande cha kamba, akawauliza wanafunzi lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake, hufungwaje. Walijua wote, mmoja alisimama akaonyesha jinsi kamba inavyosukwa juu ya mdomo wa gunia ili kubeba ile nyongeza. Wakakubaliana kuhesabu gunia la kawaida kuwa debe 6 na lumbesa kuwa debe 7, wakapiga hesabu: mkulima anayeuza lumbesa 6 ametoa debe 42, ambazo ni magunia 7, naye analipwa magunia 6. Sehemu moja ya saba ya mavuno aliyoyapeleka sokoni imekwenda bure. Hapo ndipo mwalimu alipofungua Mithali 11:1, panapokemewa mizani ya hila, na darasa zima likanyamaza, kwa kuwa aya ilikuwa imekuta hesabu imeshafanyika na jibu liko ubaoni. Kisha mtoto mmoja, ambaye baba yake hununua mahindi pale sokoni, akauliza: "Mwalimu, baba akikataa lumbesa na wenzake wakaendelea, si atafilisika?" Mwalimu hakukimbilia kujibu. Aliliandika swali lile pembeni mwa ubao, akaliacha.

Katika jiografia hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Makorongo ya Kondoa yanafahamika: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili uoto urudi. Mwanafunzi akisoma kwanza kwa nini ardhi ile ilimomonyoka, agizo la Mwanzo 2:15 la kuilima bustani na kuitunza litamhusu.

Tunaomba pia lieleweke, na tusilazimike kulirudia kila mwaka, kwamba maombi ya kuwaombea watahiniwa hayachukui nafasi ya marudio. Kuomba na kusoma ni wajibu wote wawili.

Kuhusu adhabu, wapo walimu wanaotetea fimbo kwa kutaja Mithali, kana kwamba kufanya hivyo kunawaondoa chini ya kanuni za nchi. Hakuwaondoi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa kosa kubwa tu, isizidi viboko vinne kwa wakati mmoja, na izingatie umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Mwenye mamlaka ya kuitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu huandikwa kitabuni ikionyesha jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyeitoa, na mkuu wa shule hutia saini. Anayekiuka anachukuliwa hatua za kinidhamu, na kitabu kisichojazwa hakitamtetea.

Shule zetu nyingi zina watoto wa Kiislamu, hasa upande wa Kondoa, ambao wazazi wao wametuamini. Ibara ya 19 ya Katiba inaifanya ibada kuwa jambo la hiari ya mtu. Kwa hiyo mzazi aelezwe ratiba ya ibada kabla ya kumwandikisha mtoto, na msimamo wake uandikwe na kuhifadhiwa katika jalada la mwanafunzi. Kipindi kama kile cha lumbesa kinamfaa mtoto wa dini yoyote bila kumlazimisha kukiri asichokiamini, na mwalimu hakuhitaji kuificha imani yake ili kukifundisha.

Kwa muhula ujao, kila mwalimu alete andalio moja tu, likiwa na saini ya mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni. Uhusiano wa imani na somo uonekane katika sehemu ya shughuli za ufundishaji na ujifunzaji, na aambatishe nusu ukurasa unaoeleza wanafunzi walifanya nini kwa mikono yao, pamoja na swali moja walilouliza ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.