Dameski ni jina la nini?

Kisu cha kukunja kikiwa na mawimbi kwenye bapa, siku hizi hakikosi kuitwa Dameski. Muuzaji naye huongeza "orijino". Kwa wanaokusanya visu vya mafundi hapa Nakuru na Kisumu, wanaoagiza kisu kimoja kutoka Afrika Kusini au Marekani na kukisubiri miezi, neno hilo limebeba pesa nyingi mno kuachwa litumike ovyo.

Maana yake ni fupi. Dameski ya mafundi wa leo ni chuma kilichopatikana kwa kuunga aina mbili au zaidi za chuma kwa moto na nyundo, tabaka juu ya tabaka, kisha kikachovywa kwenye asidi ili matabaka yatokeze. Fikiria chapati ya kusokota: matabaka yanaonekana kwa sababu kati yake kuna mafuta. Kwenye kisu, kazi ya mafuta hufanywa na tofauti ya vyuma. Mchanganyiko wa kawaida ni 1084, chuma cha kaboni kisicho na nikeli, pamoja na 15N20 chenye nikeli ya asilimia 2 hivi. Asidi huila na kuitia weusi 1084, huku nikeli ikiiacha 15N20 iking'aa. Ndiyo maana springi ya gari, hata ikikunjwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, haitoi zaidi ya vistari hafifu.

Tatizo ni jina. Dameski ni mji wa Shamu (Syria ya leo), ule ule ambao Paulo alikuwa akiuendea katika Matendo ya Mitume. Wazungu waliona panga zenye mawimbi zikiuzwa katika nchi hizo wakazipa jina la mji. Wengine husema jina limetokana na kitambaa cha Dameski, ambacho nacho kina mchoro uliofumwa ndani kwa ndani. Vyovyote iwavyo, chuma cha panga zile kwa sehemu kubwa hakikuzaliwa Dameski. Kilitoka kusini mwa India, Sri Lanka na Asia ya Kati, kikisafirishwa kama madonge. Waingereza walikiita wootz, neno linalofuatiliwa hadi "ukku" ya Kikannada, lugha ya kusini mwa India. Waajemi walikiita fuladhi yenye gowhar, na gowhar hiyo, kwa kupitia Kiarabu, ndiyo johari yetu. Walikuwa wanasema chuma chenye johari ndani yake, na hilo linaeleza jambo vizuri kuliko jina la mji wowote.

Maana chuma hicho hakikuungwa kabisa. Kiliyeyushwa kwenye chungu cha udongo kilichozibwa, kikiwa na kaboni karibu asilimia 1.5, kikaachwa kipoe polepole. Mawimbi yake ni safu za chembe ngumu za kabidi (muungano wa chuma na kaboni) zilizojipanga zenyewe kadiri mhunzi alivyokifua kwa moto wa wastani. Miaka ya 1990, mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray walionyesha kwamba vanadi, metali nyingine, kidogo sana iliyokuwa ndani ya madini ndiyo iliyosaidia chembe hizo kujipanga. Kuunga matabaka ya leo kunahitaji moto wa nyuzi za Selsiasi 1,200 hivi. Moto huo ungeyeyushia ndani kabidi za chuma cha chungu na kuufuta mchoro, na donge lenyewe lingeweza kupasuka chini ya nyundo. Ni kazi mbili zinazopingana kwenye fuawe, lakini zimebebeshwa jina moja. Kwa hiyo anayekuuzia kisu cha matabaka huku akisimulia "siri ya kale iliyopotea" anakupa historia ya chuma kingine. Kuunga matabaka nako ni ufundi wa zamani, na uliofufua hamu yake kwa mafundi wa Marekani ni Bill Moran, alipoonyesha visu vyake mwaka 1973.

Halafu kuna mawimbi ya kuchorwa tu, kwa leza au kwa asidi juu ya chuma cha aina moja. Hapa watu hupima mahali pasipofaa. Wanatazama makali, wakikuta mchoro umekoma kabla ya kufika wanapiga kelele kuwa ni feki. Sivyo. Viko visu halali vyenye kiini cha chuma kimoja katikati na Dameski ubavuni, na hivyo lazima mchoro ukome. Tena makali yakinolewa, hata Dameski kamili hung'aa pale hadi ichovywe upya. Tazama mgongo. Mistari ya kweli haikomi ubavuni, huonekana na mgongoni pia. Ya kuchorwa hufika ukingoni ikakatika, na mara nyingi pande zote mbili ni nakala moja. Ukiwa na bisibisi ya Torx (nyota ya ncha sita), mara nyingi saizi ya T8 kwenye pini ambayo bapa huzungukia na T6 kwenye mpini, fungua ukague shina la bapa linalofichwa ndani. Paguse kidogo kwa msasa wa namba 600, osha mafuta kwa sabuni, paka siki. Mistari ya kweli hurudi.

Shina hilo hukuonyesha pia fundi ni wa aina gani. Kabla ya kuchovya, fundi makini huziba tundu la pini na uso unaokutana na loki inayozuia bapa lisijikunje, wengi kwa rangi ya kucha tu. Asiyeziba, asidi hupanua tundu. Kisu kikifika kinapendeza kwenye picha, lakini ukikifungua bapa linacheza kushoto na kulia, na kukaza pini hakuponyi.

Wingi wa matabaka nao husifiwa bure. Vipande 14 vikiungwa, vikakatwa nusu na kubebeshwa mara tano tayari ni 448. Ukizidisha sana, matabaka huwa membamba mno na mchoro hufifia. American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu cha Marekani, hudai matabaka yasiyopungua 300 kwenye kisu cha mtihani cha anayetaka daraja la Master Smith, lakini kinachompitisha ni kwamba kisu hicho kimekata kamba na mbao, bado kikanyoa nywele, kisha kikapindwa nyuzi 90 bila kuvunjika.

Na ile ya 1084 na 15N20 hushika kutu. Kwa unyevu wa Kisumu, usikilaze ndani ya ala ya ngozi. Pangusa, paka mafuta ya madini membamba, na kumbuka ndani ya pini. Asiyetaka kazi hiyo aulize Damasteel ya Sweden, Dameski ya vyuma viwili vya unga, RWL34 na PMC27, ambayo haishiki kutu kwa urahisi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukionyeshwa "Dameski orijino", usibishane na mwenye kisu. Muulize tu kwa upole: ni ya kuungwa au ya chungu, na ni vyuma gani vilivyomo?