Mashine ya kompyuta haichongi kila umbo

Katika karakana za Lubumbashi, mji wa Kongo (DRC) uliokua kwa sababu ya shaba, kuna kauli inayorudiwa sana: mashine ya kuchonga ya kompyuta ukiipa mchoro tu, itatoa umbo lolote yenyewe. Si kweli, na imani hiyo inawapotezea vijana wetu alumini nzuri.

Mashine ya kwanza ya aina hii ilioneshwa katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Hadi leo, kinachokata ni kisu cha mviringo kinachozunguka. Chukua kisu chenye kipenyo cha milimita 6: kona ya wima ndani ya kalibu (chombo cha kukipa kitu umbo), pale kuta mbili zinapokutana, itabaki imeviringika kwa nusu kipenyo cha milimita 3, hata mchoro ukiionyesha kali kama wembe. Utatafuta kisu chembamba (nacho huvunjika upesi kwenye shimo refu), au utaigawa kalibu vipande viwili.

Mashine ya mihimili mitatu, yaani inayosogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, hukata kutoka juu tu. Uvungu uliojificha chini ya ukingo haiufikii mpaka ugeuze kipande.

Halafu kuna ulaini wa uso. Kisu chenye ncha ya duara huacha matuta madogo. Ukipunguza kwa nusu nafasi kati ya mapito yake, urefu wa matuta unashuka hadi karibu robo, lakini muda wa kazi unakuwa karibu maradufu. Hapo anayeamua ni fundi, tena fundi anayejua kalibu itatumika wapi. Anayeanza na achonge kwanza kwenye mbao au nta ngumu, aone kisu kinapita wapi, ndipo afunge alumini mezani.