Daktari wa dharura naye hurudi darasani

Nikiwaambia watu kwamba juma zima nilikuwa mafunzoni, swali huwa lilelile: "Daktari, kumbe bado unasoma?" Ni utani, ila una wasiwasi ndani yake, na wasiwasi huo ni wa haki. Mgonjwa aliyekimbizwa hospitali usiku wa manane angependa kuamini kwamba aliyemwinamia alishamaliza kusoma.

Alimaliza kweli. Lakini mikono husahau, na yale aliyoyasoma nayo hubadilika.

Nianze na mikono. Moyo wa mtu mzima ukisimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kizame angalau sentimita 5 bila kupita 6, kisha kiachwe kiinuke chote kabla ya kukandamizwa tena. Hayo kila mhudumu anayajua kwa ghibu. Mpigishe magoti sasa mbele ya sanamu ya mazoezi yenye kipimo. Dakika ya kwanza anakwenda barabara. Ya pili ikiyoyoma, jasho linamtiririka, viwiko vimeanza kukunjika na kipimo kinasoma sentimita 4. Ukimuuliza, ataapa anakandamiza vilevile kama mwanzo. Ndiyo sababu tunapokezana kila dakika 2, hata anayekandamiza akisema hajachoka. Stadi hii huanza kufifia miezi michache tu baada ya mafunzo, ilhali vyeti vingi hudumu miaka 2. Mimi ningechagua dakika kumi za mazoezi palepale wodini kila baada ya miezi michache, kuliko siku nzima ya kukaa ukumbini kutazama slaidi.

Kuhusu elimu yenyewe kubadilika, mfano ninaourudia kila darasa ni wa dripu. Kwa miaka mingi ilionekana wazi kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimfiki vizuri mwilini, mikono imekuwa baridi na mapigo ni dhaifu, amiminiwe maji mengi kwa haraka. Nani angebisha? Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo. Kati ya waliomiminiwa maji haraka, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa zaidi kidogo ya 10 kwa kila watoto 100; kwa ambao hawakumiminiwa vilikuwa kama 7. Wataalamu wengi hawakuamini macho yao. (Mzazi asinielewe vibaya: mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha hakuwa sehemu ya utafiti huo, na bado anahitaji kurudishiwa maji.)

Oksijeni nayo imepitia njia hiyo hiyo. Zamani kila aliyekuja na shambulio la moyo aliwekewa. Siku hizi hupewa yule ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha imepungua, kwa sababu ambaye damu yake ina oksijeni ya kutosha haimwongezei faida. Kwa hiyo ukimkuta ndugu yako kitandani anaumwa kifua na hana barakoa usoni, usidhani amesahauliwa.

Ila kinachotutoa jasho kuliko vyote ni namna ya kufikiri. Katika zoezi moja tunalolipenda, "mgonjwa" anatapika, tumbo linamsokota na anataka kuzirai, dakika chache baada ya kula. Upele hana. Kundi baada ya kundi huamua ni chakula kilichoharibika, kisha kila dalili inayofuata hulazimishwa ikubaliane na uamuzi huo. Kumbe ni aleji kali, ambayo inaweza kuja bila upele wowote. Dawa ya kwanza hapo ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kupunguza muwasho vinaweza kusubiri. Shinikizo la damu linaloporomoka halisubiri.

Dawa ya mtego huo ni kujilazimisha kuuliza upya. Kiongozi wa timu hufundishwa asimame katikati ya pilikapilika, aseme kwa sauti anachodhani, kisha aulize: "Na kama si hicho, ni nini?" Muuguzi mdogo kuliko wote chumbani ana ruhusa ya kujibu, jambo ambalo wakubwa wengine bado linawawia gumu.

Na ndiyo maana wewe uliyemleta mgonjwa utaulizwa jambo moja na watu watatu. Alianza saa ngapi? Anatumia dawa gani? Mara ya mwisho alionekana mzima lini? Kwa kiharusi swali hili la mwisho lina uzito wake, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mjibu na yule wa tatu kana kwamba hujaulizwa kabla, na ukikumbuka jambo ulilomficha wa kwanza, mwambie.