Kwa nini ndege za safari ndefu haziongezeki: maelezo kwa abiria wa Mombasa

Malalamiko tunayoletewa na wasafiri wa Mombasa yameongezeka, na mengi yanafanana. Wanaokwenda Umra hukosa nafasi. Wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao London hukuta nauli imepanda. Wengine hufika uwanjani Port Reitz wakaambiwa safari imepangwa upya. Mwisho huja swali: ndege zikijaa hivi, mbona shirika letu, Kenya Airways, haliongezi nyingine? Ni swali la haki. Ila majibu yanayozunguka vijiweni, kuanzia Mwembe Tayari hadi Changamwe, mengi si sahihi, na yanawafanya watu wadai kisichowezekana huku wakiacha kudai wanachostahili.

Nitangulize kusema kwamba ofisi yetu, inayopokea malalamiko ya abiria, haipangi nauli na haizungumzi kwa niaba ya shirika lolote.

Sisi wa Pwani tumezoea biashara ya magari. Meli hutia nanga Kilindini, magari hushushwa, mwenye pesa huenda yadi akachagua. Mzee mmoja alisimama katika kikao chetu akashauri shirika likope, liagize, basi. Kwa heshima zote, mzee wetu, ndege ya safari ndefu haina yadi. Dunia nzima watengenezaji wakubwa wa ndege za aina hii ni Boeing na Airbus. Anayeagiza mpya leo anaingia foleni ya miaka, nyuma ya mashirika yanayoagiza kwa makumi.

Foleni yenyewe nayo imekwama mara kadhaa. Kati ya Mei 2021 na Agosti 2022 Boeing ilisimamisha kukabidhi ndege zake za safari ndefu za aina ya 787, kwa sababu ya kasoro za uundaji zilizopaswa kurekebishwa kwanza. Ndege yao kubwa ya 777X, iliyotarajiwa kuanza kazi mwaka 2020, sasa inasubiriwa 2027. Na zipo 787 zilizochelewa kiwandani kwa kungoja viti tu, kwa kuwa viti vipya vya daraja la juu lazima vithibitishwe usalama wake kabla ya kufungwa.

Kenya Airways ina 787-8 tisa. Ya kwanza ilipokelewa Aprili 2014, na kila moja ina viti 234. Zilikuwapo pia ndege kubwa zaidi za Boeing, 777-300ER tatu zenye viti 400 hivi kila moja, ambazo mwaka 2016 zilikodishwa kwa Turkish Airlines. Tunaulizwa kila mara kwa nini ziliachiliwa. Ziliachiliwa kwa sababu shirika lilikuwa katika hasara kubwa na halikuweza kuzijaza, na ndege inadaiwa iwe imejaa au ni tupu. Soko la leo halikuonekana wakati ule.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni injini. Tangu janga la Covid, vipuri vyake vimekuwa adimu duniani na karakana zinazoruhusiwa kuzifungua zimeelemewa. Katika nusu ya kwanza ya 2025, theluthi nzima ya hizo 787 ililala chini ikingoja injini. Shirika lililotangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, likatangaza hasara ya bilioni 12.2 kwa miezi sita tu. Ndege iliyolala haiingizi hata senti, lakini malipo yake ya kila mwezi, bima na maegesho havisimami. Kwa hiyo anayesema "ndege zimejaa, hasara inatoka wapi?" anahesabu zile zinazoruka peke yake.

Kukodi ndiyo njia ya mkato, nayo ina taratibu zake. Shirika linaweza kukodi ndege tupu, likaiendesha kwa marubani na mafundi wake. Au kukodi ndege pamoja na wafanyakazi, matengenezo na bima ya mwenyewe, jambo lenye gharama kubwa zaidi. Ikikodiwa tupu na kusajiliwa Kenya, ndege hupewa alama zinazoanza na 5Y, hukaguliwa yenyewe na kumbukumbu zote za matengenezo yake tangu ilipotoka kiwandani, kisha hupewa cheti cha kustahiki kuruka na kuingizwa katika cheti cha uendeshaji cha shirika. Ukurasa mmoja wa historia ya kipuri ukikosekana, kazi husimama. Mwenye ndege naye hutaka idhini isiyotenguliwa ya kuifutia usajili na kuiondoa nchini iwapo hatalipwa, chini ya Mkataba wa Cape Town, mkataba wa kimataifa unaolinda haki za wenye ndege na wakopeshaji, ambao Kenya ni mwanachama. Na rubani wa Embraer, ndege ndogo inayowaleta Mombasa, hawezi kukabidhiwa 787 kesho asubuhi. Lazima asomee aina hiyo na kupasishwa.

Tunasikia pia kwamba mashirika ya nje yaachiwe yabebe abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga duniani, unairuhusu kila nchi kujiwekea safari zake za ndani, na nchi nyingi hufanya hivyo. Kuunganishwa na dunia moja kwa moja ni jambo jingine, na Qatar Airways, Turkish Airlines na Ethiopian Airlines tayari zinatua hapa.

Wakati huo huo, tunawasihi mnunue safari nzima kwa tiketi moja, kutoka Mombasa hadi mwisho. Anayepanda treni au kununua tiketi mbili mbali mbali, kisha akakosa ndege Nairobi, hana wa kumdai, na kesi hizi tunazipokea kila wiki.

Kwa safari za kimataifa zinazolindwa na Mkataba wa Montreal, unaoeleza fidia za abiria na mizigo, mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Tangu 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ya mzigo ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), ambazo ni zaidi kidogo ya dola 2,000, na wa kucheleweshwa kwa abiria ni SDR 6,303. Huo ni ukomo. Hasara unaithibitisha wewe, na shirika likionyesha lilichukua kila hatua ya busara kuzuia ucheleweshaji, halilipi. Malalamiko ya mdomo kwenye kaunta hayahesabiki. Jaza fomu ya mzigo kabla ya kutoka uwanjani, tunza pasi ya kupandia ndege, kijikaratasi cha mzigo na risiti za hoteli na chakula, andikia shirika kwanza, kisha utuletee nakala pamoja na jibu walilokupa.