Skafu iliyogeuka pembetatu: uongo na ukweli kuhusu kuanza kroshe

Kitu changu cha kwanza kufuma kwa kroshe, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye ndoana, kilikuwa skafu, nilianza na stichi 20 nikaja kumaliza na 9, yaani mwanzo pana halafu inapungua inapungua mpaka ikawa kama kibendera. Nikajiambia basi, mimi mikono yangu sio ya kroshe. Na hii ndo dhana inayofukuza watu wengi kuliko zote, kwamba kuna waliozaliwa na mikono ya kazi hii na kuna sisi wengine.

Kumbe mikono haikuwa na kosa lolote, nilikuwa sihesabu tu. Ukiangalia mstari wako kwa juu utaona vi-V vidogo vimelala vimefuatana, kila V ni stichi moja. Sasa ile V ya mwisho kabisa ina tabia ya kujificha, imejikunja pembeni, unaiona kama fundo tu unaipita, unageuza kazi unaendelea, mstari unaofuata unapoteza nyingine, na hivo hivo. Kwenye dabo kroshe (ile stichi ndefu) ndo balaa zaidi maana zile cheni 3, yaani vitanzi vitatu vilivyofuatana, unazopandia mwanzo wa mstari, pateni nyingi (maelekezo ya kufuma) zinazihesabu kama stichi, kwa hiyo ukirudi unatakiwa uchome sindano pale juu ya hizo cheni, ukiziacha umeshapunguza moja. Singo kroshe (ile stichi fupi) ni kinyume chake, cheni 1 ya kupandia kwa kawaida haihesabiki na unaanza palepale kwenye V ya kwanza. Mimi kilichoniokoa ni pini, naweka moja kwenye stichi ya kwanza na nyingine kwenye ya mwisho (kipande cha uzi wa rangi tofauti kinafaa pia), na nahesabu kila mstari. Inaboa, najua.

Wengine watakwambia anza na uzi wowote ulionao nyumbani. Hapana jamani, sio uzi mweusi wala ule wenye manyoya, hizo V hutaziona hata uwashe taa tatu. Chukua uzi laini usio na manyoya, rangi ya kung'aa, unene wa kati, na sindano ya milimita 5 au hapo karibu, lebo ya uzi huwa inaandika saizi inayofaa. Na usidhani ukikaza sana ndo kazi inakuwa nzuri! Shingo ya sindano, pale karibu na ndoana, ni nyembamba, ukiacha vitanzi vibane hapo vitakuwa vidogo na kwenye mstari unaofuata sindano haipiti, unaanza kusukuma kama unafungua kopo. Kitanzi kikae kwenye sehemu nene ya mpini, hiyo ndo inayopima stichi. Kama cheni za mwanzo tu ndo zinakukazia, zifume kwa sindano kubwa kidogo halafu urudi kwenye saizi yako.

Kushika sindano kama kalamu au kama kisu, yote sawa. Wa mkono wa kushoto nao hawahitaji sindano maalum, wanafuma kwa kugeuza upande, basi.

Kuna hii nyingine inanichekesha, "fuata pateni neno kwa neno huwezi kukosea". Utakosea vizuri tu, kwa sababu Marekani na Uingereza wanatumia majina yaleyale kwa stichi tofauti. Singo kroshe ya Mmarekani ndo dabo kroshe ya Mwingereza, na dabo ya Mmarekani kwa Mwingereza inaitwa trebo. Unafuma blanketi wiki nzima linatoka refu mara mbili ya picha, kumbe lugha. Ujanja ni mmoja, ukikuta neno "singo kroshe" kwenye pateni jua ni ya Kimarekani maana Waingereza hawana stichi ya jina hilo. (Hapo juu nilivyoelezea nimetumia majina ya Kimarekani, nisije nikalaumiwa.)

Halafu kuna wanaosema ya nini kujichosha wakati mashine inafuma. Inafuma nitingi, ile ya sindano mbili. Kroshe unashika sindano moja na kitanzi kimoja tu ndo kiko wazi, na viwandani kazi hii bado haifanywi kwa mashine, vile vitopu vya bei chee vinavyofanana na kroshe mara nyingi ni nitingi iliyoigizwa. Kama ni kroshe kweli basi kuna mtu ameketi akaifuma. Kule Ayalandi wakati wa ile njaa kubwa ya miaka ya 1840, familia nyingi zilipata chochote kwa kufuma leisi ya kroshe na kuiuza, kwa hiyo na ile habari ya kwamba ni mchezo wa mabibi wa kupotezea muda hainiingii.

Hicho kitanzi kimoja kina faida nyingine kwa anayeanza, ukikosea unavuta uzi, unafumuka mpaka kwenye kosa, unachomeka sindano unaendelea. Watu wanaona kufumua ni aibu, mimi bado nafumua.

La mwisho ni duara. Eti likikunjamana uzi ni mbovu. Duara ni hesabu tupu: singo kroshe 6 raundi ya kwanza, ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, unaongeza 6 kila raundi. Ukiongeza pungufu linajikunja kama bakuli, ukizidisha linapiga mawimbi pembeni. Na kuna mtu aliyazidisha makusudi, mwanahisabati Daina Taimina wa chuo kikuu cha Cornell, mwaka 1997 akafuma kwa kroshe umbo la jiometri ambalo kwa karatasi lilikuwa linasumbua na kuchanika, kwa kuongeza stichi kila baada ya idadi ileile mpaka kitu kikajikunjakunja kama matumbawe. Kwa hiyo lako likipiga mawimbi na wewe ulitaka kofia, hesabu raundi moja moja kurudi nyuma mpaka upate ile iliyozidi, fumua hadi hapo tu, usivute yote kwa hasira kama mimi.